Pasipoti ya mama, na njia ya kwenda Ujiji

Wengi mmeniuliza kwa nini safari yetu ya Ujiji, ambayo likelemba ilinipa zamu yangu mwezi wa pili wa mwaka 2024, ilifanyika mwezi wa saba. Sokoni nilikuwa najibu kwa kifupi tu, "mambo ya karatasi", kisha nageuza mazungumzo. Leo nitaeleza vizuri, maana nasikia kuna watatu kati yetu wanaojitayarisha kuvuka ziwa.

Mama yangu alikuwa amebaki na dada mmoja tu. Huyo mama mkubwa alikimbia vita vya mwaka 1964 akiwa bado msichana, akapita Kabambare kwa miguu pamoja na watu wengine, akavuka ziwa, akaolewa Ujiji. Huko hakuwa mgeni sana. Ujiji imejaa watu wanaoitwa Wamanyema, ambao babu zao walitoka huku kwetu, wengine kwa biashara, wengine wakiwa wamefungwa minyororo. Njia ni ile ile ya misafara ya zamani: Kasongo alipokaa Tippu Tip, Kabambare ambako Livingstone aliugua na kungoja kabla ya kurudi Ujiji mwaka 1871, kisha ziwa. Wale wote walipita bila pasipoti. Sisi tulitumiwa sauti kwenye simu: mama mkubwa hawezi tena kuinuka kitandani, anamtaka mdogo wake.

Niliuza karanga, nikapokea likelemba, nikauliza bei ya pikipiki mpaka Kalemie na bei ya meli mpaka Kigoma. Nikanunua hata kilo kumi za mchele wa kupeleka. Ndipo nikafungua kopo la bati tunamoweka karatasi. Pasipoti zetu mbili zilikuwa safi kabisa, kama siku tulipozipewa mwaka 2018 kwa dola 185 kila moja. Zilikuwa zimekwisha tangu mwezi wa kumi wa mwaka 2023.

Pasipoti ya Kongo ina miaka mitano tu. Na si kwamba unapeleka ile ya zamani wakakupigia muhuri wa kuongeza miaka. Unaomba nyingine mpya: fomu, malipo, picha, vidole, na wewe mwenyewe uwepo. Mtoto wako hawezi kukuwekea vidole. Kwa sisi wa Kasongo na Kabambare, hiyo maana yake ni safari nyingine kabla ya safari. Ziwa liko mashariki yetu. Mimi na mama, yeye mwenye miaka zaidi ya sabini, tulielekea upande mwingine kwanza, siku mbili juu ya pikipiki katika matope ya mwezi wa tatu. Mji siutaji, maana yaliyotupata huko yangeweza kutupata popote.

Jambo la kwanza ni aibu yangu. Nje ya ofisi alitukaribia kijana mmoja amevaa vizuri, na karatasi mkononi. Akasema anajua watu wa ndani, nimpe dola 50 za kuharakisha. Nilimpa. Mama alinivuta kitenge, mimi nikampa hata hivyo. Tangu siku ile sijamwona. Bei ya leta wakati ule ilikuwa dola 99, kwa sababu ilishushwa mwaka 2020, nayo ililipwa kwa risiti. Tangu mwaka 2025 pasipoti mpya zimewekwa kwa dola 75. Mtu akikutajia bei nyingine, mwombe risiti kwanza, kisha mtazame uso.

Jambo la pili lilikuwa jina. Sisi hatuna kitambulisho kingine cha kawaida isipokuwa karte ya uchaguzi, na ile ya mama, ya mwaka 2023, herufi zake zilikuwa zimeanza kufutika ndani ya pochi. Zilizobaki zilionyesha jina tofauti na la pasipoti ya zamani. Mnajua jinsi mambo haya yanavyokwenda: anayeitwa Asha, mwandishi mmoja anaandika kwa Kiswahili, mwingine anaandika Acha kwa kufuata Kifaransa, na hapo tayari kuna wanawake wawili. Hata mwaka wa kuzaliwa ulitofautiana kwa miaka miwili. Wale wa ofisi hawakutufokea. Walitueleza tu kwamba tunahitaji karatasi ya kuzaliwa kutoka etasivili, yenye jina moja na tarehe moja. Karatasi hiyo ilitugharimu majuma matatu, kwa sababu ilibidi mdogo wangu abaki Kasongo akifuata chifu, kisha biro, kisha chifu tena, na mwisho aitume pamoja na mtu aliyekuwa akisafiri. Sisi tulilala kwa binamu, tukimpikia ili asituchoke.

Wakati huo sauti nyingine ikaja kutoka Ujiji. Mama mkubwa alikuwa akiuliza kama tumekwisha kufika Kabambare. Mama aliniambia nijibu ndiyo. Nilijibu hivyo, na usingizi ukanipotea.

Halafu vidole. Mimi nilimaliza kwa dakika moja. Mama aliweka kidole juu ya kioo, mashine ikalia. Akaweka kingine, ikalia. Kumbe miaka sitini ya jembe, kutwanga mchele na kukamua mafuta ya ngazi ilikuwa imelainisha ncha za vidole vyake mpaka mistari haionekani. Dada mwenye mashine alijaribu mara saba au nane. Watu nyuma yetu wakaanza kunung'unika. Mama akatazama viganja vyake, akasema kwa sauti ambayo ofisi nzima ilisikia:

"Hii mikono imelea batoto saba, leo kamashine kanaikatala?"

Watu wakacheka, na yule dada naye akacheka. Akatuambia twende tupumzike, mama asioshe vyombo wala asishike majivu, ajipake mafuta mikononi usiku, asubuhi anawe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha arudi kabla ya wengine. Tulifanya hivyo siku mbili. Siku ya pili mashine ilikubali vidole sita, na hivyo vikatosha. Nawaambieni hili kwa sababu nyumba zetu zimejaa wamama wenye vidole vya namna hiyo. Mkiwapeleka, wapumzisheni kazi siku kadhaa mapema.

Pasipoti zilitoka mwezi wa sita.

Kuna waliotuambia kwamba tumejisumbua bure, kwa kuwa Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022. Wengine walituonyesha karatasi za CEPGL. Karatasi hizo ni za kwenda Burundi na Rwanda. Tanzania haimo katika CEPGL. Ni kweli kwamba Mkongo haombwi tena visa ya kuingia Tanzania, lakini pasipoti lazima uwe nayo, na iwe imebaki na miezi sita au zaidi. Pia wanadai karte ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Ile ya mama tuliisahau nyumbani, na ni bahati tu kwamba tulipitia Kasongo tena tukaichukua.

Mwezi wa saba vumbi lilikuwa limechukua nafasi ya matope. Kutoka Kasongo mpaka Kabambare ni zaidi ya kilometa mia moja, na mama alizipita ameshika kiuno cha dereva kama bibi arusi. Kabambare tulilala kwa ndugu wa Kibangubangu waliotupikia sombe na samaki wa mtoni, wakatueleza ni njia gani iliyo salama juma lile na ipi ya kuepuka. Hilo msiliache, maana habari za njia ya mwezi uliopita hazisaidii kitu. Tukateremka, tukavuka Luama, huo mto unaorudi kuelekea kwetu na kumwaga maji yake katika Lualaba. Mama alitaka tusimame. Akanawa uso, akasema dada yake aliogopa sana mahali hapo mwaka 1964, maji yakiwa mengi.

Kalemie ziwa lilikuwa limepanda mwaka ule, nyumba nyingine za ufukweni zikiwa bado ndani ya maji. Meli yetu ilikuwa ya mizigo, na abiria wanakaa wanapopata nafasi. Tuliondoka jioni. Mtu mmoja alianza kueleza kwamba kina cha Tanganyika kinazidi mita 1,400 na kwamba duniani ni ziwa moja tu linalolipita kwa kina. Nilimwomba anyamaze mpaka asubuhi. Niliomba majaketi mawili ya kuokolea, la mama nikalifunga mwenyewe, na zile pasipoti nikaziweka katika mfuko wa plastiki chini ya nguo yangu. Sikulala. Mama alilala vizuri.

Kigoma, mkubwa wa uhamiaji alifungua pasipoti ya mama, akaitazama tarehe, akamtazama mama.

"Mnatoka wapi, bibi?"

"Kasongo."

"Manyema kwenyewe?"

Akapiga muhuri, akatusindikiza mpaka mlangoni ili kumwambia dereva atupeleke kwa bei ya wenyeji.

Mama mkubwa alikuwa hai. Macho yake yalikuwa yamekwisha, basi alimtambua mama kwa kumpapasa vidole, kimoja kimoja, kama ile mashine, ila yeye hakukosea. Tulikaa siku kumi na saba. Walilala kitanda kimoja na kuongea usiku kucha kwa Kiswahili cha zamani ambacho wajukuu wa Ujiji walikisikiliza huku wanacheka. Alikula mchele wa Kasongo mara mbili kwa siku, akasema wa Tanzania hauna harufu, na mkwewe akakasirika kidogo. Alifariki mwezi wa kumi na moja.

Pasipoti ya mama itakwisha mwezi wa sita wa mwaka 2029. Ameniomba nimwandikie tarehe hiyo kwa mkaa ukutani, juu ya kitanda chake, kwa sababu sasa kuna watoto wa dada yake wa kuwatembelea. Nimeandika mwezi wa kumi na mbili, 2028.