Mwalimu Katika Kiti cha Mwanafunzi

Si jambo jepesi kwa mwalimu mzima kurudi bwenini. Katika Marekani, wakfu wa taifa uitwao National Endowment for the Humanities, ulioundwa mwaka 1965, ulianza mwaka 1973 kugharimia semina za kiangazi kwa walimu wa vyuo. Katika miaka ya mwanzo walimu 12 walikaa pamoja kwa majuma kadhaa karibu na maktaba kubwa. Semina hizo ziliwafaa hasa walimu wa vyuo vidogo, ambao wingi wa vipindi huwanyima nafasi ya kusoma.

Mwalimu mmoja wa namna hiyo alifika na sanduku moja na daftari alilolifundishia miaka 15. Kitanda chake kilikuwa chembamba, bafu lilikuwa la watu wote, na chakula alikipangia mstari kama kijana wa miaka 18. Hayo yote aliyavumilia. Lililokuwa zito kulivumilia lilitokea mezani, siku ya tatu.

Siku hiyo ilisomwa Moby-Dick, riwaya ya Herman Melville. Mwalimu alisema, kama alivyowaambia wanafunzi wake kila mwaka, kuwa baadhi ya wahakiki wa London walikuwa wapumbavu: walilalamika kuwa hakusalia mtu wa kuisimulia hadithi, ilhali ukurasa wa mwisho waonyesha jinsi msimulizi alivyookoka. Mwalimu mwingine, mdogo kwa umri, aliuliza kwa adabu, "Mwenzetu, wahakiki hao walisoma chapa ipi?"

Ulimi uliozoea kujibu ulitafuta jibu usilipate. Angaliweza kujificha nyuma ya maneno mengi, maana hila hiyo walimu huijua. Uso ulimwiva, akasema, "Sijui."

Jioni walikwenda maktabani pamoja. Walikuta kuwa riwaya ilitoka kwanza London, Oktoba 1851, kwa jina la The Whale, katika juzuu tatu, na tamati ile haikuwamo. Ilikuwamo katika chapa ya New York, iliyotoka Novemba mwaka ule ule. Basi wahakiki waliodhihakiwa walisema kweli juu ya kitabu kilichokuwa mikononi mwao.

Ni vijana wangapi waliowacheka watu wasio na kosa, kwa kumwamini mwalimu wao? Hesabu hiyo ilimnyima usingizi usiku ule.

Wahenga husema kuuliza si ujinga. Lakini mwenye cheo huona haya kuuliza mbele ya wale wamwitao mjuzi. Faida ya kukaa na wenzi wa kazi moja ni kupata mahali ambapo neno "sijui" halimshushi mtu, bali humfungulia mlango wa maktaba.

Aliporudi chuoni hakulitupa daftari lake. Aliufuta mstari ule kwa wino, akaandika pembeni: "Kwanza uliza walisoma chapa ipi."