Timu Ikipimwa kwa Maksi, Itatafuta Maksi

Haya wasomaji wangu, leo siasa naziweka pembeni kidogo. Tuongelee kazi, maana wengi wetu tunashinda maofisini na ni wachache tunaojiuliza kama namna tunavyofanya kazi ina mantiki yoyote.

Mnaotengeneza programu za kompyuta mnaujua mtindo uitwao ajaili. Kwa wasioujua: Februari 2001 watengeneza programu 17 walikutana Snowbird, Utah, kule Marekani, wakaandika tamko fupi. Hoja yao ni kwamba kazi ifanywe vipande vidogo vidogo, mteja aonyeshwe mapema, na kama mmekosea njia mgeuke mapema. Tamko hilo lina kanuni 12. Ya mwisho ndiyo naipenda: kila baada ya muda timu ikae, ijiulize itafanyaje kazi vizuri zaidi, kisha ijirekebishe. Soma tena hapo. Inayojiuliza ni timu yenyewe, wala siyo mkaguzi kutoka ghorofa ya juu.

Sasa sikia kisa. Rafiki yangu anaongoza timu ya vijana 7 hapa Dar. Akaniomba nikae nao kwenye kikao cha namna hiyo. "Kaka, wewe kazi yako kuuliza maswali. Njoo uulize." Nikaenda. Nikakuta bosi wao mkubwa amekwisha kuwagawia fomu ya maswali 40. Je, mnakutana kila asubuhi? Je, mnaijaribu programu kabla ya kumpa mteja? Jipe maksi, 1 hadi 5. Halafu timu zote za kampuni zitapangwa kwa nafasi, kama wanafunzi.

Unadhani walijipa ngapi? Nne. Karibu kila swali, 4. Ukijipa 5 utaonekana unajisifu, ukijipa 3 utaitwa ukajieleze. Siwalaumu. Kila mmoja wao ana kodi ya chumba ya kulipa.

Rafiki yangu akaziweka fomu kando na kumwomba bosi atuache peke yetu. Akatoka. Nikauliza swali langu la kimbeya: kitu cha mwisho mlichomkabidhi mteja, alikiomba tarehe ngapi, na alikipata tarehe ngapi?

Wakatazamana. Wakafungua kumbukumbu zao, wakaanza kuchora ukutani siku kwa siku. Kuandika programu, siku 3. Kuijaribu, siku 1. Tangu mteja aombe hadi apate, siku 26! Siku 22 kazi imekaa tu, inasubiri. Inasubiri nini?

Kimya. Halafu binti mdogo kuliko wote, mwenye miezi minne tu kazini, akasema taratibu: "Saini ya bosi. Na akisafiri, tunasubiri arudi."

Ile fomu isingelinasa jambo hili hata ingekuwa na maswali 400. Haikuwa na swali hata moja kuhusu mtu aliyeileta.

Kusema ukweli ni hatua moja, kuufanyia kazi bila kuumizana ni nyingine. Mwaka 2001 Norman Kerth aliandika kitabu kuhusu vikao hivi, na msingi wake ni huu: lolote mtakalogundua, chukulieni kwamba kila mtu alifanya kadiri alivyoweza, kwa aliyoyajua na vitendea kazi alivyokuwa navyo wakati ule. Mwaka 2006 Esther Derby na Diana Larsen wakaweka hatua 5: andaa mazingira, kusanya yaliyotokea, tafuta maana yake, amua la kufanya, funga kikao. Wengi tunairuka ile ya 3. Tunalalamika, tunapiga kura, tunakwenda kula.

Vijana wale hawakuiruka. Walijadili kwa nini saini ile ilikuwepo, wakakumbuka kwamba zamani kosa moja lilimkimbiza mteja. Bosi alikuwa na sababu. Basi wakachagua jambo 1 tu: mabadiliko madogo yakaguliwe na wenzao wawili, makubwa yaende kwa bosi kama kawaida. Majaribio ya wiki 2, kisha wapime tena siku zilezile.

Bosi alipoletewa alikunja uso. Akauliza, nani kasema mimi nachelewesha? Wakamjibu, "Tumesema sote, bosi," wakamwonyesha mchoro usio na jina la mtu. Akautazama sana. Akakubali. Kazi iliyofuata ilimfikia mteja siku ya 9.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeongoza timu, fomu za maksi tumia ukipenda, ila majibu yabaki kwa timu. Siku utakapoyatumia kuwapanga watu nafasi, ndiyo siku utakayoanza kuletewa nne tupu.

Na wewe usiye bosi, nikuulize: kazi yako ya mwisho ilisubiri siku ngapi, na mezani kwa nani?