Maji ya Sironga na samaki wa sebuleni

Kama una tangi la samaki sebuleni, unaijua kazi ya Jumamosi: ndoo, mpira wa maji, sakafu iliyolowa na watoto wanaogombania kikombe. Siku moja niliifanya kazi hiyo kwa pupa. Nilimwaga maji yote, nikajaza mengine moja kwa moja kutoka mferejini. Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, samaki wote walikuwa wakielea. Binti yangu hakulia. Aliniuliza tu iwapo maji safi yanaweza kuua.

Jibu nililipata Sironga.

Ukitaka kufika huko, panda matatu ya Nyamira mjini Kisii. Barabara hupanda na kushuka kati ya migomba na mashamba ya majani chai, na kabla hujafika mjini Nyamira utaambiwa ushuke. Wengi walijua jina la Sironga kwa ajili ya shule yake ya upili ya wasichana. Lakini teremka bondeni, huko kwenye ardhi ya majimaji, uone mabwawa ya samaki.

Ufugaji wa samaki nchini Kenya haukuanza jana. Kituo cha Sagana kilianzishwa mwaka 1948. Hata hivyo, vijiji vingi vilishika majembe baada ya mwaka 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kufufua uchumi: mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, kila bwawa likiwa na mita 300 za mraba na vifaranga 1,000 vya ngege au kambare. Mabwawa mengi yaliachwa baadaye. Mengine yangali yanatunzwa.

Bwawa nililoonyeshwa lilikuwa na bomba dogo upande wa juu, likitiririsha maji membamba kama uzi. Upande wa chini palikuwa na bomba pana zaidi la kutolea maji yanayozidi, mdomo wake umefunikwa kwa wavu. Nilimuuliza mzee mwenye bwawa kwa nini anabania maji ilhali chemchemi iko karibu. Alinicheka. Maji ya chemchemi ni baridi, akanieleza. Ukiyafungulia kwa nguvu, ngege hudumaa, na ule ukijani wa bwawani ambao ndio chakula chao huchukuliwa na maji. Yeye hurudisha tu kile ambacho jua na udongo vimekunywa.

Hapo nikaelewa kosa langu. Samaki hawapendi mabadiliko ya ghafla. Tena maji ya mjini hutiwa klorini ili kuua vijidudu, nayo huchoma matamvua ya samaki na kuua bakteria wenye manufaa. Bakteria hao hugeuza amonia ya uchafu wa samaki kuwa nitriti, kisha nitrati. Nitrati haina sumu kali, lakini hujilimbikiza. Bwawani mimea huinywa. Katika tangi la kioo, njia ya kawaida ya kuiondoa ni kubadilisha maji, na heri yabadilishwe kidogo kidogo kila siku.

Je, utafanyaje? Tuseme tangi lako ni la lita 400. Weka pipa la lita 40 mahali palipoinuka, ulijaze na kuliacha wazi siku nzima ili klorini ipungue. (Baadhi ya miji hutumia kloramini, ambayo haitoki hivyo, hiyo huhitaji dawa maalumu.) Toa mpira mwembamba wenye koki ndogo hadi tangini. Rekebisha koki hadi glasi ya mililita 250 ijae kwa dakika tisa hivi. Pipa litaisha kwa siku moja. Upande wa pili fanya kama yule mzee: bomba la kufurikia, pana kuliko la kuingizia, lenye wavu. Usiunganishe mpira huo na mfereji moja kwa moja. Bomba la kutolea likiziba, heri sebule imwagikiwe na maji ya pipa moja kuliko ya usiku kucha.

Usidhani kwamba baada ya siku kumi maji yote yatakuwa mapya. Maji mapya huchanganyika na ya zamani, na zaidi ya theluthi moja ya yale ya kwanza bado yatakuwamo. Huo ndio upole wenyewe.

Lakini kuna hesabu nyingine. Lita 40 ni mitungi miwili ambayo mama fulani mtaani ameipangia foleni. Huko Kisii na Nyamira nako, mikaratusi imelaumiwa kwa kukausha chemchemi; mwaka 2009 aliyekuwa waziri wa mazingira, John Michuki, aliamuru ing'olewe kando ya vyanzo vya maji. Basi maji yanayotoka tangini usiyamwage. Yana mbolea, yapeleke kwenye sukuma wiki. Na kama mtaa wenu hupata maji mara moja kwa wiki, fuga samaki wachache katika tangi dogo.

Sisi tuna watatu sasa. Binti yangu ndiye mlinzi wa koki. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, huketi na glasi na saa, akihesabu dakika tisa.