Ebenezer Katika Hema za Showground

Betri tulizianika juani. Kutwa nzima zililala juu ya jerikeni iliyoinamishwa mbele ya hema la bibi tuliyemwita Shosho, na giza likikaribia alizirudisha tumboni mwa redio, akageuza kaseti, na sauti ya Angela Chibalonza ikatoka ikikwaruza. Ilikuwa Februari 2008, Showground ya Nakuru.

Nilikuwa na miaka 19, nimetumwa na kanisa letu kubeba unga na kuchota maji. Uwanja ule niliujua kwa ng'ombe wa maonyesho. Sasa walilala humo watu waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi kutoka Molo, Kuresoi, Burnt Forest, hata Eldoret, na mwishoni mwa Januari, mji wetu ulipowaka, wakaongezeka majirani zetu wenyewe. Vumbi, ambalo husemwa ndilo lililoupa mji jina kwa Kimaasai, liliingia katika uji na machoni mwa watoto.

Shosho alitoka Kuresoi. Mumewe aliuawa, nyumba ikachomwa. Shingoni alivaa ufunguo wa kufuli uliofungwa kwa uzi wa sufu, na kila aliponena habari za kwake aliushika kwa vidole viwili.

Wimbo alioupenda ni Ebenezer. Wenye umri wangu wanaukumbuka: mwaka ule hapakuwa na harusi wala matanga bila Chibalonza, mwana wa Kongo aliyefanya kazi yake ya uimbaji Kenya. Naye mwenyewe alikuwa amekufa kwa ajali ya barabarani Septemba 2007, miezi michache tu kabla ya moto wetu. Marehemu alikuwa akiwaimbia wafiwa shukrani, nami nilikasirika. Shukrani ya nini? Jioni moja nilimwuliza.

"Shosho, hapa Mungu ametusaidia wapi?"

Hakunikemea. Alinipa Biblia yake akaniambia, "Soma, mwanangu, Samweli wa kwanza. Anza sura ya nne, usianzie ya saba."

Nilikuwa nimezoea ya saba, pale Samweli anaposimamisha jiwe na kuliita Ebenezeri, yaani jiwe la msaada, baada ya ushindi. Lakini jina hilo linatangulia katika sura ya nne. Waisraeli wanapiga kambi Ebenezeri, wanapigwa: watu 4,000, kisha 30,000, na sanduku la agano linatekwa. Miaka 20 ya maombolezo inapita ndipo jiwe linawekwa. Nilisoma kwa mwanga wa koroboi, nikarudia neno kambi mara mbili.

"Hao hawakusahau waliokufa," alisema. "Jiwe ni la kuonyesha tumefika wapi. Mimi nimefika hapa kwenye hema."

Hakuna mahubiri niliyowahi kusikia yaliyonishika kama hayo. Tangu siku hiyo naamini wimbo ule ni wa maombolezo pia, na kwamba tunaukosea tunapouimba harakaharaka kana kwamba hakuna aliyezikwa.

Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchini. Mwezi wa Mei serikali ikaanza kuwarudisha watu makwao, ikiwapa shilingi 10,000 za kuanzia maisha. Shosho hakurudi Kuresoi. Jamaa zake walimchukua. Redio aliwaachia watoto wa hema la pili. Ufunguo aliondoka nao shingoni.