"Mlimuuliza?"



Mwaka wetu wa kichungaji tulipangiwa parokia moja nje kidogo ya jiji la Mbeya, upande ambao asubuhi unautafuta mlima Loleza na kukuta ukungu mtupu. Tulikuwa mafrateri wawili. Tulifundisha katekesi, tulitembelea wagonjwa, tulihesabu sadaka, na kila Jumanne tulikwenda shule ya msingi ya jirani kufundisha kipindi cha dini darasa la nne. Wanafunzi walikuwa 82 na madawati hayakutosha. Habari tunayoiandika ilianzia humo. Mama wa mtoto ameturuhusu kuiandika kwa sharti kwamba jina la binti yake lisionekane popote.

Siku ya kwanza tulisikia wavulana wakimwita msichana mmoja "Dili". Dili, nipe kalamu. Dili leo kachelewa. Tukacheka pamoja nao. Tulidhani ni jina la utani la mtoto mwenye kupenda biashara, maana wengi pale huuza karanga na ndizi baada ya masomo. Mwalimu wa darasa ndiye aliyetueleza baadaye ofisini, kwa sauti ya chini. Binti yule ana ualbino, na "dili" maana yake ni kwamba viungo vyake vina bei.

Msomaji anaijua historia hiyo. Tangu miaka ya 2006 na 2007 nchi yetu imesikia habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo, hasa Kanda ya Ziwa, kwa sababu ya waganga waliowadanganya watu kwamba humo mna utajiri. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wenye ualbino 16,477 Tanzania nzima, kwa hiyo wengi wetu tumewasikia kwenye taarifa za habari kabla ya kukaa nao dawati moja. Mbeya watu hupenda kusema hayo ni mambo ya Ziwa. Lakini waliokuwa wakubwa wakati wa habari za uchunaji wa ngozi za binadamu huko Mbozi wanajua kwamba nasi tuna yetu. Mtoto wa darasa la nne hayajui yote haya. Anachojua ni kwamba neno hilo huwachekesha wakubwa.

Tuliudhika sana, na kwa kuwa tulikuwa mafrateri, tukaamua kuhubiri.

Ijumaa iliyofuata tuliomba nafasi paredi. Tukamwita yule binti mbele ya shule nzima, mmoja wetu akamwekea mkono begani, na tukazungumza kwa dakika kama kumi na tano kuhusu mtu kuumbwa kwa sura na mfano wa Mungu. Yalikuwa mahubiri mazuri, tunakiri, na tulikuwa tumeyaandaa usiku kucha. Watoto walipiga makofi. Binti alisimama akiangalia chini, amekunja uso. Tulidhani ni aibu ya kawaida ya watoto. Sasa tunajua kwamba tulikuwa tumemsimamisha akitazamana na jua la saa mbili na nusu, bila kofia, na kwamba alikuwa haoni kitu.

Jumanne tulipoingia darasani tulikuta ana jina jipya. Walimwita "Mfano". Jumanne ya pili yake hakuwepo, na mwalimu akatuambia hajaonekana kwa siku tatu.

Tulikwenda kwao jioni. Mama yake huuza viazi soko la Mwanjelwa. Kila alfajiri humpeleka binti shuleni kwa miguu ndipo aende sokoni, na jioni bibi hutoka kumfuata. Mtoto huyo hajawahi kutembea peke yake. Tulikaribishwa vizuri, tukapewa chai. Tukaeleza tulivyosikitika na tulivyojaribu kusaidia. Mama alitusikiliza mpaka mwisho.

"Mafrateri," akasema, "kabla ya kumsimamisha pale mbele, mlimuuliza?"

"Hapana, mama."

"Haya. Mwenyewe huyo hapo. Mwulizeni."

Tulimwuliza anataka tumfanyie nini. Tulitegemea aseme wavulana wachapwe. Akakaa kimya kidogo, akamtazama bibi yake, kisha akasema, "Mimi sioni ubao."

Ikatoka habari ambayo hata mwalimu hakuijua yote. Alikuwa amekalishwa karibu na mwisho kwa sababu ni mrefu, tena kando ya dirisha. Mwanga ule ulimuumiza, na maandishi ubaoni aliyaona kama ukungu. Kwa hiyo alinakili kutoka daftari la jirani yake. Jirani hakumwachia bure. Kila siku bei ilikuwa andazi moja, na siku asipokuwa na andazi, daftari hufungwa na yeye huitwa kilaza. Alama zake zilishuka, na kadiri zilivyoshuka, ndivyo walivyopata sababu ya kumcheka. Sisi tulikuwa tumepigana na jina, kumbe mtoto alikuwa anaibiwa chakula na masomo mbele ya macho yetu kila Jumanne.

Ualbino hauishii kwenye ngozi. Jicho la mtu mwenye ualbino halina rangi ya kutosha kuchuja mwanga, na ile sehemu ya ndani inayoona vitu vidogo kwa undani haikui kikamilifu. Ndiyo maana macho hucheza, na ndiyo maana miwani husaidia kiasi tu. Tulikuwa tumeshasoma falsafa miaka mitatu na hatukulijua hilo.

Jioni ileile bibi aliuliza swali ambalo alikuwa nalo, tunafikiri, tangu mtoto azaliwe. Alitaka kujua kosa lilikuwa la nani. Baba wa binti aliondoka mtoto akiwa na miezi miwili, akisema kwao kitu kama hicho hakijawahi kutokea, na ukoo ukakubaliana naye. Ni swali lilelile la wanafunzi katika Injili ya Yohana, sura ya 9, walipomwona kipofu tangu kuzaliwa wakataka kujua nani alitenda dhambi. Tulieleza tulichojua: ualbino wa namna hii hurithiwa kutoka pande zote mbili. Mama peke yake hawezi kuuleta. Lazima na baba awe nao umejificha, na hapo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne.

"Kwa hiyo na yeye alikuwa nao?" mama akauliza.

"Na yeye, mama."

Alinyamaza muda mrefu akiwa ameshika kikombe. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na bibi naye akacheka, na sisi tukabaki tumekaa hatujui tucheke au tusicheke. Tukikumbuka mwaka ule wote, hilo ndilo katekesi letu lililofika.

Mengine yalikuwa kazi ndogondogo. Mwalimu wa darasa alimhamishia dawati la mbele, upande wa ukutani, na kumruhusu kusimama na kusogelea ubao wakati wowote bila kuomba. Aliwaita wale wavulana na yule msichana wa maandazi mmoja mmoja, pamoja na wazazi wao, bila paredi. Kofia ndiyo ilileta mjadala. Uongozi ulisema kofia si sehemu ya sare. Tulitaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, haikusaidia sana. Kilichosaidia ni mama kuja na binti na kumwomba Mwalimu Mkuu amtazame shingo, ilivyobabuka. Siku hiyohiyo kofia ikawa sare.

Tuseme kidogo kuhusu jua la kwetu, kwa ajili ya wenye parokia za nyanda za juu. Mbeya ni baridi, na watu hufikiri jua la kuunguza liko Dar es Salaam. Si kweli. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda, ndivyo miale inayoharibu ngozi inavyozidi, hata siku ya mawingu. Baridi inakudanganya tu usiisikie. Saratani ya ngozi huwaua watu wenye ualbino mapema, bila mganga yeyote kuhusika. Pale KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili yao, yanaitwa Kilisun. Mwenye parokia aulize hospitali ya karibu jinsi ya kuyapata.

Jina lenyewe tulilifuatilia lilikotoka. Mvulana aliyelianzisha alilisikia kwenye kijiwe cha bodaboda anapofanya kazi kaka yake. Tukaenda kijiweni na kanzu zetu. Vijana wakatuambia, "Frateri, huo utani tu, nani atamgusa mtoto wa hapa?" Tukawakumbusha ya Mei 2024 huko Muleba, Kagera, mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili na nusu aliyenyakuliwa nyumbani na baadaye kukutwa ameuawa. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza tairi akauliza bila kuinua kichwa, "Na walioshtakiwa, si alikuwemo na padri?"

Alikuwemo. Kuhukumu ni kazi ya mahakama na si yetu, lakini kanzu siku ile ilikuwa nzito. Tulijibu, "Alikuwemo." Hatukuongeza neno. Labda kama tungeanza kujitetea, wangerudi kwenye utani wao. Walinyamaza, na yule kaka wa mvulana akasema ataongea na mdogo wake.

Lipo jambo moja ambalo mpaka leo hatujakubaliana, hata sisi wawili. Mjomba wa binti anaishi Iringa mjini, na halmashauri ya parokia ilikuwa tayari kuchangia ada ili mtoto akae bweni mkoani huko, mbali na jina lile. Sisi tuliunga mkono. Desemba alikwenda likizo kwa mjomba, akapimwa macho, akapata miwani, na wazee wa mtaa ule wakamwamkia "Kamwene" kama mtoto yeyote. Wapo pia waliomwita mzungu. Aliporudi, mama akakataa bweni. Alikuwa amesikia habari za watoto wa Buhangija kule Shinyanga na vituo vingine walikokusanywa ili walindwe, na jinsi baadhi yao walivyokaa miaka bila kuwaona wazazi. "Waliokosa wabaki hapa, asiyekosa ahame?" alituuliza. Mmoja wetu bado anaona angekuwa salama zaidi Iringa. Mwingine anaona mama alikuwa sahihi. Bibi anaendelea kumfuata kila jioni.

Hatusemi kwamba uonevu umekwisha. Yule msichana wa maandazi hajawahi kumwomba radhi. Tulipokaribia kuondoka, mwezi Juni, binti alikuwa darasa la tano, na tuliomba kufundisha kipindi kimoja cha mwisho. Mmoja wetu alikuwa akiandika ubaoni majina ya Mitume, kwa haraka, akizibana herufi ili kumi na wawili wote waenee.

"Frateri, andika kubwa," binti akasema kutoka dawati la mbele.

Na sauti ya mvulana kutoka nyuma kabisa ikadakia, "Kweli, frateri. Hata sisi huku hatuoni."