"Hakijawahi Kutumika"

Kwenye semina ya Katiba muhula huu kila mtu alipewa nchi yake, mimi nikaangukia Australia. Mkuu wao wa nchi ni mfalme wa Uingereza. Kwa kuwa yuko mbali, anawakilishwa na Gavana Mkuu, anayemteua kwa ushauri wa waziri mkuu wa Australia. Hata sisi Tanganyika tulikuwa naye, Sir Richard Turnbull, kuanzia Uhuru Desemba 1961 hadi tulipokuwa jamhuri Desemba 1962.

Gavana Mkuu hutia saini sheria, huapisha mawaziri, hupokea wageni. Mwenzangu wa chumbani akauliza, "Huyo si mgeni rasmi wa kudumu tu?" Nikamwambia ngoja nikupe ya 1975.

Gavana Mkuu alikuwa Sir John Kerr, aliyeteuliwa 1974 kwa pendekezo la Waziri Mkuu Gough Whitlam mwenyewe. Mwaka uliofuata upinzani ukatumia nguvu yake kwenye Seneti kuzuia bajeti, hela za serikali zikawa zinaelekea kukatika. Tarehe 11 Novemba Whitlam akaenda kwa Kerr kuomba uchaguzi wa nusu ya Seneti. Akakabidhiwa barua ya kufukuzwa kazi! Siku hiyohiyo akaapishwa kiongozi wa upinzani, Malcolm Fraser, na Bunge likavunjwa. Desemba Fraser akashinda uchaguzi kwa kishindo.

Wapo wanaosema ushindi ule ulimaliza ubishi. Mimi siafiki. Wapiga kura walimchagua Fraser, hawakuulizwa kama mtu ambaye hawakumpigia kura awe na uwezo wa kumfukuza waliyempigia.

Kilichonishtua zaidi ni kwamba Katiba ya Australia haimtaji waziri mkuu hata mara moja. Inasema mawaziri hukaa madarakani kwa ridhaa ya Gavana Mkuu. Yaliyobaki ni mazoea, na mazoea hayana kifungu.

Wiki hii nimesoma katiba ya serikali yetu ya wanafunzi. Mlezi, anayeteuliwa na uongozi wa chuo, anaweza kusimamisha baraza letu "pale itakapobidi". Viongozi wananijibu, "Relax, hicho hakijawahi kutumika."

Jamani, hata kile cha Australia kilikuwa hakijawahi kumng'oa waziri mkuu wa taifa. Mkutano wa marekebisho ya katiba ukiitishwa nitasimama niulize: itabidi kwa kipimo cha nani?