Betri ya saa nusura itugharimu ada

Hapa kwetu Buyenzi, Bujumbura, kompyuta ya nyumbani ilikuwa inarudi mwaka 2009 kila umeme ukikatika. Tulicheka tu, mpaka binti yetu alipotaka kutuma maombi ya chuo na kila ukurasa ukagoma kufunguka, eti si salama. Zilibaki siku mbili. Fundi akasema mashine imekufa, tununue nyingine. Pesa iliyokuwapo ni ya ada yake.

Shemeji ndiye aliyetazama saa kwenye pembe ya skrini. Kumbe tovuti zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikidhani ni 2009, inaona havijaanza kutumika. Tukarekebisha tarehe kwa mkono, binti akatuma maombi kabla ya Isha, alhamdulillah, nasi tukiomba umeme usikatike.

Kesho yake tukazima, tukachomoa waya, tukafungua kasha. Betri yenyewe ni bapa kama sarafu, CR2032, volti 3. Mpya tukaiweka upande wa + juu. Ile kuukuu tuliificha mbali na watoto, maana wakiimeza ni hatari kubwa.